Kiganja Kwenye Kioo, Mteremko wa Oldonyo Sambu

Niliishia darasa la tatu, kwa hiyo ukikuta nimekosea kuandika, nisamehe. Lakini katika hili lililonipata sijakosea hata kidogo. Sikusimuliwa na mtu. Lilinipata mimi, nimekaa, macho wazi, tumboni sina kitu zaidi ya chai ya rangi na chapati.

Na nikuambie mapema mimi ni mtu wa namna gani, usije ukanichanganya na wale wanaoona majini kila wiki. Hao huwa nawauliza wamekunywa nini. Nimelala msibani chumba kimoja na jeneza, sijaona kitu. Nimekatiza makaburini na mzigo kichwani, sijaona kitu. Nimeona mara moja tu, jioni moja, barabara ya Namanga, na mpaka leo nikipanda gari, hata liwe la mchungaji, moyo wangu hautulii mpaka nishuke.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, sabuni ilipotoka kwenye foleni ikajaa madukani, na kila mwenye nguvu akawa mfanyabiashara. Mimi nilikuwa nakwenda Namanga kuchukua vitenge na sabuni, nauza Ngarenaro nilikokuwa naishi. Mume wangu, Baba Anaeli, alikuwa dereva. Alikuwa ameendesha malori tangu kijana, na kosa lake lilikuwa moja: alijua kazi yake, na alijua kwamba anaijua. Mtu wa hivyo humwambii kitu.

Sasa tajiri mmoja wa mjini alitaka kufungua kambi ya watalii chini ya Mlima Meru. Akanunua kwa Mzungu mmoja aliyechoka na safari pale mpakani gari ambalo sisi hatujawahi kuliona. Gari kubwa kama basi dogo, lakini ndani nyumba. Kitanda, jiko, kabati, hata choo. Watu wa Namanga waliliita gari-nyumba. Na nyuma yake kulikuwa na kigari kidogo kimefungwa kwa vyuma viwili vilivyokutana mbele, kinaburutwa kama ndama. Yule Mzungu alikuwa akifika mahali analaza nyumba, anafungua kigari, anakwenda nacho sokoni. Aliuza vyote viwili akapanda ndege akaenda kwao. Baba Anaeli akatumwa kuvileta Arusha, na mimi nikamkuta Namanga na mzigo wangu, nikasema basi tutarudi pamoja.

Bwana mmoja wa pale forodhani, aliyemsaidia Mzungu kwenye karatasi, alitutembeza. Kwenye kigari, chini mbele ya kiti cha dereva, kulikuwa na kisanduku cha chuma chenye mkono. Akatueleza kwamba gari kubwa likifunga breki, waya unapeleka habari nyuma, na mkono wa kile kisanduku unakanyaga breki ya kigari. Kwa hiyo yanasimama yote mawili. Lakini waya ulikuwa umekatika, na kisanduku kimekufa.

Baba Anaeli akakitoa akakirusha kwenye buti. Akasema hayo ni mambo ya Wazungu, breki za gari kubwa zinatosha.

Nikamuuliza, "Na hili la nyuma linasimamishwa na nani?"

"Linasimama lenyewe, Mama Anaeli. Limefungwa kwa chuma, litakwenda wapi?"

"Litakwenda mgongoni kwako."

Nilikuwa sijui kuendesha, lakini macho ninayo. Nimekulia kandokando ya barabara ya Moshi, nimeona magari mabovu yakivutwa kwa kamba maisha yangu yote, na sijaona hata siku moja gari likivutwa bila mtu ndani. Huo ndio utaratibu wetu. Wa mbele anavuta, wa nyuma anashika breki. Gari lisilo na mtu ni jiwe. Nikasema sipandi na mzigo wangu haupandi mpaka akae mtu kwenye kigari. Tukatafuta mtu wa kukaa. Kila mmoja akasema yeye haendi Arusha, au anakwenda kesho. Mwishoni Baba Anaeli akachoka na mdomo wangu, akasema kama naona kuna umuhimu basi nikae mimi.

Nikakaa. Wale wa forodhani wakacheka sana. Mmoja akasema, "Mama leo umekuwa mheshimiwa, dereva wako yuko mbele na gari lake." Mwingine akaniombea nisisinzie.

Sikiliza vizuri jinsi tulivyopanga, maana jambo lote liko hapo. Usukani wa kigari ulikuwa kushoto, kama magari ya kwao. Kwa hiyo mimi kushoto, kiti cha kulia kitupu, mzigo wangu kiti cha nyuma. Usukani nisiuguse, vile vyuma vinauongoza. Kazi yangu mguu tu. Baba Anaeli akaniambia nitazame taa nyekundu za nyuma ya gari-nyumba. Zikiwaka, nikanyage. Zikizimika, niachie. Basi. Na kwa kuwa injini ya kigari imezimwa, pedeli ilikuwa ngumu kama kukanyaga gogo. Mimi ni mfupi. Ilibidi niteleze mpaka ukingoni mwa kiti, kichwa kikaonekana juu ya usukani kidogo tu, kama mtu anayechungulia ukutani.

Akafunga mlango wa nyumba kwa kufuli, mbele yangu, akapanda kwa mlango wa dereva, maana kati ya kiti chake na nyumba kulikuwa na ukuta. Ndani nilikuwa nimeingia kabla, sikuona mtu.

Mpaka Longido hapakuwa na shida. Tambarare. Taa zikiwaka nakanyaga, zikizimika naachia. Mbele yangu hakuna barabara, kuna mgongo wa lile gari tu, mweupe, na dirisha moja pana la kioo cheusi. Hebu fikiria kusafiri safari nzima huoni mbele. Unapelekwa. Hujui kama kuna kona, kuna ng'ombe, kuna lori. Unajua taa mbili tu.

Tulipoanza kupanda kuelekea Oldonyo Sambu, jua likaingia nyuma ya mawingu na ukungu wa mlima ukashuka. Ilikuwa kama saa kumi na moja na nusu. Baridi ikaingia kwenye kigari. Nikajifunika kitenge mabegani. Nilipoinua macho, kwenye kile kioo cheusi kulikuwa na mwanamke.

Alikuwa upande wa kulia wa dirisha. Amekaa, hajasimama. Kilemba kichwani au kitambaa, sikuweza kujua. Mzungu au mtu wa kwetu, sikuweza kujua pia, maana ukungu ulifanya kila kitu kuwa na rangi ya majivu. Umri wake kama wangu. Ananitazama mimi.

Wazo langu la kwanza, niamini, halikuwa la mizimu. Nilidhani Baba Anaeli amepakia mwanamke. Nikasema kumbe ndiyo maana alikuwa na haraka. Nilikasirika mpaka baridi ikaniisha. Kisha nikakumbuka kufuli, na kwamba tangu Namanga hatujasimama mahali. Baridi ikarudi, safari hii kutoka ndani.

Tukafika juu, tukaanza kushuka. Taa zikawaka. Nikakanyaga. Zikazimika. Sikuachia.

Ndiyo, sikuachia. Niliona gari linakwenda kasi, simwoni mume wangu, namwona yule tu, na woga wote ukaenda mguuni. Nilisema moyoni bora nikanyage tu moja kwa moja, breki nyingi ina ubaya gani? Nikakaza mguu mpaka nyonga inauma. Taa zikawaka, zikazimika, mimi mguu uko palepale.

Yule mwanamke akainua mkono. Akageuza kiganja juu, akakipandisha taratibu, mara mbili, mara tatu. Kama unavyomwambia mtu ainue mguu umfagilie chini. Toa.

Nikasema sitoi. Nikaanza kuomba kwa Kimeru, kwa sauti, mimi peke yangu kwenye kile kigari. Nilijiambia huyu ni shetani, anataka niachie ili tufe. Wewe ungefikiri nini? Akazidi kuniashiria, mimi nazidi kukaza. Midomo yake haikucheza wala uso wake haukuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri.

Ndipo niliposikia harufu. Kitu kinaungua. Si kuni, si mpira, ni ile harufu chungu inayokaba koo. Moshi mwembamba ukawa unapita pembeni ya dirisha langu, unatoka kwenye magurudumu yangu mwenyewe. Nikaogopa moto kuliko nilivyomwogopa yeye. Nikatoa mguu.

Yeye akashusha mkono, akauweka pajani, akatulia.

Nikasubiri taa. Kigari kikayumba, tukaongeza mwendo, miti ya pembeni inapita kwenye ukungu. Nasubiri taa nikanyage, kama nilivyofundishwa. Taa hazikuwaka. Nikasema basi mteremko si mkubwa. Tukakata kona nikaegemea mlango. Taa hazikuwaka. Na kile chuma kinachotufunga kikaanza kugonga, ga, ga, ga, kama kuna kitu kinataka kuingia ndani ya kingine.

Yule mwanamke akanyoosha kiganja chote mbele, akakibandika kwenye kioo.

Sikujua nimfuate nani. Taa ndizo alizonipa mume wangu, na taa zinasema hakuna kitu. Huyu nani kanipa? Lakini ndiye aliyeniambia nitoe mguu nisiungue. Nikakanyaga. Ga, ga ikanyamaza. Mwendo ukapungua. Kiganja kikatoka kwenye kioo. Nikaachia.

Tulishuka hivyo. Kiganja kwenye kioo, nakanyaga. Kiganja kikitoka, naachia. Taa mbili nyekundu hazikuwaka hata mara moja. Sikuweza tena hata kuomba, maana nilihofia nikifumba macho nitakosa ishara. Ni kilomita ngapi, usiniulize. Nilihisi kama siku nzima.

Kisha akabandika viganja vyote viwili. Na kwa mara ya kwanza akafumbua mdomo, wazi kabisa, bila sauti.

Nikashika usukani kwa mikono miwili, nikainuka kwenye kiti, nikasimama juu ya ile pedeli kwa miguu yote. Uzito wangu wote. Magurudumu yakalia. Tukaburutana, la mbele linavuta, la nyuma nimelishikilia, mpaka tukasimama tumekaa upande, nusu kwenye lami nusu kwenye vumbi.

Halafu nikasikia kengele za punda.

Baba Anaeli akashuka, akaja kwa miguu, si kwa kukimbia. Amekuwa wa rangi nyingine. Nyuma yake, mbele ya gari-nyumba, hatua chache tu, akina mama wa Kimaasai walikuwa wanavusha punda wenye madumu ya maji, mmoja ana mtoto mgongoni. Walikuwa wamesimama katikati ya barabara wanatutazama.

Akafungua mlango wangu. Nikamwambia taa zako haziwaki. Akasema breki zake zilikufa muda mfupi baada ya kuacha kilele, pedeli inazama mpaka chini, anakanyaga hewa, na breki ya mkono haishiki. Alikuwa ameshajiandaa kutupa gari bondeni. Lakini kila alipolitaka lipunguze, linapunguza. Anasikia kama mtu amelishika kiuno.

"Ulijuaje, Mama Anaeli? Taa hazikuwaka. Ulijuaje ukanyage lini?"

Nikamwonyesha dirisha. Nikamwambia yule mwanamke uliyemfungia humo ndani ndiye alikuwa ananiashiria.

Akachukua funguo, akafungua kufuli, tukaingia. Hakuna mtu. Lakini si hilo lililonimaliza. Tulikwenda mpaka nyuma, kwenye lile dirisha. Halikuwepo. Kwa ndani pale palikuwa na kabati la mbao limegongomelewa ukutani toka chini mpaka juu, limekiziba kioo chote. Hata kidole hakipiti. Hakuna mtu aliyewahi kuchungulia kwenye kioo kile tangu kabati lilipowekwa. Kilikuwa kioo chenye mbao nyeusi nyuma yake, na wewe unajua kioo cha namna hiyo kinafanya nini. Kinaonyesha kilicho mbele yake.

Sikuelewa pale pale. Nilielewa Baba Anaeli alipouliza, taratibu, kama mtu anayeogopa jibu.

"Yule mama uliyempakia ameshukia wapi?"

"Mama gani?"

"Uliyekaa naye. Kila kwenye kona nilikuwa nawaona kwenye kioo changu cha pembeni. Wewe kushoto, yeye kulia."

Nikatoka nje, nikakaa chini kwenye majani. Wale akina mama wa Kimaasai wakaniletea maji.

Usiku ule tulilala kwa watu pale Oldonyo Sambu, na kesho yake tukavutwa na lori mpaka gereji ya Ngarenaro, kila gari peke yake. Mimi nilipanda gari jingine. Fundi alikuwa mtu mzima, Mpare, hana masihara. Akakuta mafuta ya breki ya gari kubwa yamevuja yote. Akatueleza kwamba taa zile nyekundu zilikuwa zinawashwa na nguvu ya mafuta hayohayo. Yakiisha, breki na taa vinakufa pamoja. Umeelewa? Ile ishara niliyoambiwa niisubiri ilikuwa inakufa siku ileile ninayoihitaji. Ningeitii, ningekaa na mguu wangu nimeupakata mpaka tunaingia kwenye wale punda na wale akina mama.

Akafungua na magurudumu ya kigari. Breki zimeungua juu, nyeusi. Akasema, "Mama, ungekanyaga kidogo tu zaidi bila kuachia, hapa pasingebaki cha kukusimamisha."

Halafu akaniita nitazame kitu ndani. Upande wa kulia, kiti kile kitupu. Upande huo hakuna pedeli, ni sakafu na zulia. Zulia lilikuwa limelika. Mahali pamoja, pa kisigino na unyayo, limesagika mpaka bati linaonekana. Fundi akasema mtu amekaa hapa miaka, anakanyaga. Akauliza anakanyaga nini, maana hapa hakuna kitu. Baba Anaeli akaenda nje kuvuta sigara, naye alikuwa ameacha sigara.

Nilimwambia mume wangu siku ile, sikumbembeleza: huendeshi tena hilo gari mpaka kile kisanduku kitengenezwe, na kama tajiri hataki, atafute dereva mwingine na mimi nitampeleka mke wake huyo dereva barabarani nimwonyeshe mahali mumewe atakapofia. Tajiri alinuna, akasema wanawake wa Ngarenaro wamezidi imani. Lakini kisanduku kilitengenezwa. Baba Anaeli aliendesha lile gari zaidi ya mwaka, na aliniambia kila safari alikuwa anatazama kwenye kioo chake cha pembeni kila kona. Kiti kilikuwa kitupu. Hakumwona tena.

Mume wangu yupo, mzee sasa, amekaa hapo nje anaota jua ninavyoandika. Yeye alipona. Ila nikikuambia jambo limekwisha nitakuwa mwongo. Tangu siku ile mguu wangu wa kulia hautulii kwenye gari. Nikae mbele, nikae nyuma, unakanyaga. Mwanangu ananitania kwamba nitamtoboa sakafu. Kiti kilicho kando yangu kikiwa kitupu, naweka kikapu, naweka biblia, naweka chochote. Kwa sababu kuna swali ambalo sijapata wa kuniambia. Kwenye kigari hakuonekana tena. Sijui kama alishuka akaenda zake, au alishuka na mimi.

Na nimewaza sana jambo hili. Mimi mwenyewe sikujiona kwenye kioo kile kwa kuwa usukani ulikuwa umenificha. Kiganja kile sikukiona mbali, ndani ya nyumba, kama nilivyodhani. Kilikuwa kwenye kioo cha mbele cha kigari changu mwenyewe, shibiri mbili kutoka begani kwangu. Kama ningejua, ningegeuka kumtazama. Mtu yeyote angegeuka. Na kama ningegeuka nisingekanyaga kwa wakati.

Kwa hiyo wewe unayevuta gari, usije ukasema breki za mbele zinatosha. Weka breki nyuma, iwe ya chuma au ya mguu wa mtu, na mpe huyo mtu ishara isiyokufa pamoja na breki zako. Ukiwa wewe ndiye uliyekaa nyuma, mguu usiulaze kwenye pedeli kwa woga, utaichoma. Na ikitokea kwenye kioo kilicho mbele yako mtu akakuashiria utoe, toa. Akikuashiria ukanyage, kanyaga. Lakini hicho kiti kilicho kando yako usikitazame mpaka magurudumu yasimame.